Kilichomo kwenye droo ya mkutubi

Kaa nusu siku karibu na kaunta ya maktaba yoyote ya umma hapa Dar es Salaam, usikilize maswali. Choo kiko wapi? Paswedi ya waifai ni ipi? Naweza kuchaji simu? Kutoa kopi shilingi ngapi? Mitihani iliyopita ya Fizikia kidato cha nne ipo? Mnafunga saa ngapi? Ni maswali ya haki kabisa, na mkutubi huyajibu huku anagonga muhuri, wala hainui kichwa. Swali ambalo hulisikii ni lile ambalo muuza samaki wa Feri unamuuliza bila hata kufikiri: wewe mwenyewe, nyumbani kwako, unakula yupi?

Mimi nilianza kuliuliza kwa umbea tu. Naazima vitabu kwenye maktaba zaidi ya moja hapa jijini, nyuso zikanizoea, na mdomo wangu hautulii. Siku moja nikamuuliza mama mmoja wa kaunta, "Mama, na wewe unasoma nini siku hizi?" Akanitazama kama mtu aliyeombwa kitambulisho.

Nikaja kugundua kwamba jibu la kwanza la mkutubi ni la usaili. Atakutajia Shaaban Robert. Atamtaja Chinua Achebe. Atamalizia na "vitabu vya kujiendeleza kitaaluma." Si kwamba anadanganya, amewasoma kweli, tena wengine wanajua mistari kwa kichwa. Ila mtu aliyeajiriwa kutunza vitabu anahisi anadaiwa ladha ya heshima, na mgeni akimuuliza anasoma nini, anasikia anakaguliwa. Jibu la pili huja baadaye, ukishazoeleka, ukishaonekana unarudisha vitabu vikiwa na kurasa zake zote na salamu unaijua. Hapo ndipo droo inafunguliwa. Wengi wanayo hiyo droo. Ndani kuna kalamu, pedi ya wino, labda kipande cha muhogo kwenye karatasi, na kitabu kimoja kimefunikwa kifudifudi.

Kusema haki, mkutubi wa kwetu hajapewa sana nafasi ya kuwa na ladha. Sheria ya kwanza ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, Tanganyika ikiwa bado changa. Jengo la Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Mwalimu Nyerere alilifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru yenyewe. Mwaka 1975 ikaja sheria nyingine iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukiyatazama hayo pamoja unaona kitabu kilihesabiwa kuwa nini: silaha ya vita dhidi ya ujinga, mmoja wa wale maadui watatu tulioimbishwa shuleni pamoja na maradhi na umaskini. Silaha huulizwi kama unaipenda. Na Mwalimu mwenyewe, ambaye usiku alikuwa akimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, tafsiri yake ya *Julius Caesar* ikatoka 1963 na *Mabepari wa Venisi* 1969, nina hakika droo yake ilikuwa na mambo.

Leo nenda ukumbini Oktoba, kidato cha nne wakiwa wanaelekea mtihani wa Novemba. Kiti hupati. Lakini tazama juu ya meza: madaftari yao wenyewe, notisi zao wenyewe, simu zao wenyewe. Rafu zimewazunguka na hazina kazi nao. Kinachowaleta ni meza, feni na ukimya, vitu ambavyo chumba cha kupanga Tandale au Mbagala, chenye watu sita na redio ya jirani, hakiwezi kutoa. Sibezi hata kidogo. Kama jiji linashindwa kumpa mtoto mahali pa kusomea, maktaba ikimpa imefanya kazi kubwa. Tatizo ni kwamba humo humo mkutubi anageuka mlinzi wa ukimya. Anajulikana kwa "shhh" na kwa kukuzuia usiingie na begi.

Turudi kwa yule mama wa kaunta. Mtu wa makamo, miwani yake imefungwa kamba, na salamu yake ina mtego. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umekileta, au umeleta maneno?"

Droo yake ni ya upelelezi mtupu. Si kidogo kidogo: ni msomaji wa riwaya za upelelezi za Kiswahili kwa kiwango ambacho, kama kungekuwa na shahada yake, angekuwa profesa. Kwake historia ya nchi hii imeandikwa na wapelelezi. Anaanza na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar na Bwana Msa wake, mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* iliyochapishwa 1960. "Unajua huyu mwandishi alikuwa mhariri wa gazeti la *Mkulima*?" akaniuliza. Nikamwambia sikujua. "Basi ndiyo maana Bwana Msa ana subira. Anapanda, anangoja mvua."

Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba aliyeingia mjini na *Kufa na Kupona* mwaka 1974, anamheshimu lakini hamwamini. Anasema ni kijana wa zama zake: Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika tangu 1963, mji umejaa wapigania uhuru na watu waliotumwa kuwapeleleza, kwa hiyo ilibidi apatikane mtu wa kukimbizana nao. "Ila hafikiri yule. Anafika." Joram Kiango wa Ben Mtobwa ndiye wa moyo wake. Sababu yake haiko kwenye kitabu chochote cha uhakiki nilichowahi kushika: anasema Joram anasomeka kwenye daladala la Gongo la Mboto ukiwa umesimama, mkono mmoja umeshika bomba, na hakupi nafasi ya kusinzia ukapitishwa kituo. Mtobwa alifariki 2008, na mama huyu bado anazungumza habari zake kama za mdogo wake aliyeondoka mapema.

Nilimuuliza anachaguaje, maana rafu ni nyingi. Akafungua kitabu kimoja jalada la nyuma, akanionyesha ile karatasi ya tarehe. Mihuri imejaa, karatasi imebandikwa juu ya karatasi nyingine iliyojaa, na chini yake ukingo wa ya tatu. Kisha akanyoosha mkono rafu ya pili akavuta kitabu kinene cha uongozi wa makampuni, cha msaada kutoka ng'ambo, jalada linang'aa. Karatasi yake nyeupe kama ilivyobandikwa. "Hiki kina wasifu mzuri sana huku mbele," akasema, "na wasomi wakubwa wamekisifia. Mimi nasoma huku nyuma."

Tangu siku ile na mimi nachagulia nyuma. Naona imenisaidia kuliko mapitio mengi ya magazetini, ambayo nusu yake huandikwa na rafiki wa mwandishi.

Msije mkadhani anasoma riwaya za zamani tu. Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel, alikuwa miongoni mwa waliohangaika kutafuta kitabu cha "yule Mzanzibari" kwa ajili ya watu waliokuja kukiulizia, na Kiswahili chake kilikuwa hakijatoka. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, *Peponi*, ikatoka 2022 kwa Mkuki na Nyota. Mama akaisoma kama anavyosoma kila kitu: kama kesi. Kijana anachukuliwa kwao kwa deni la baba yake, anaondoka na tajiri anayemdhania ndugu. "Kurasa za mwanzo tu nikasema huyu si ndugu. Ndugu gani anakuchukua na hakuna anayekuaga vizuri?" Sijasoma uchambuzi wa kitabu kile uliofika haraka hivyo kwenye jeraha lake.

Wa pili hana droo, ana toroli. Ni kaka wa kitengo cha kuorodhesha, kile chumba cha nyuma ambako kitabu hupewa namba kabla ya kuja rafuni. Yeye alisomea kazi hii Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi, na namba ndiyo lugha yake. Wengi tunaziona zile namba mgongoni mwa kitabu tukadhani ni za ghala. Ni mfumo wa Dewey, uliobuniwa na Melvil Dewey kule Marekani mwaka 1876, unaoigawa elimu yote ya binadamu kuanzia 000 hadi 999. Ukiujua kidogo unaanza kucheka, au kukasirika. Fasihi ni 800. Wamarekani wana 810 yao, Waingereza 820, Wajerumani 830, Wafaransa 840, na kuendelea. Lugha za Afrika, karibu zote na utitiri wake, zimebanwa kwenye 896, na Kiswahili kikapata kajichumba humo ndani: 896.392. Kwenye dini, Ukristo umetandaza mkeka kuanzia 220 mpaka 280 na ushei, wakati Uislamu wote unakaa 297. Sasa chukua mpango huo uulete Dar es Salaam, ambako adhana na kengele hupishana mtaa mmoja, umwambie mkutubi apange.

"Zamani nilikuwa nakasirika," kaka akasema. "Siku hizi nimehamia tu. Mimi naishi mia nane tisini na sita nukta tatu tisa mbili." Na hana utani. Nje ya namba hiyo hasomi hadithi. Ndani yake amesoma mpaka vile vilivyochapishwa vibaya, na anayemrudia kila mara ni Euphrase Kezilahabi. Nilitegemea aniambie *Rosa Mistika*, ambayo tangu ilipotoka 1971 na kupigwa marufuku mashuleni haijakosa wateja. Anasema hata leo wapo wanaoiulizia kwa sauti ya chini, kana kwamba polisi yuko nyuma ya rafu. Lakini yake ni *Gamba la Nyoka*, ya 1979, kuhusu vijiji vya ujamaa. Wazazi wake walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Nyumbani kwao habari hiyo haikuzungumzwa. Baba yake alikuwa mtu wa chama na mama yake aliacha shamba la migomba, kwa hiyo kila mmoja alinyamaza kwa sababu yake. Kitabu hicho, anasema, ndicho kilichomwonyesha kwamba wote wawili walikuwa na haki ya kunyamaza. Alinieleza hayo huku anaandika namba kwa penseli kwenye kitabu cha kilimo cha vitunguu, wala mkono haukusita.

Baadaye akanipa *Nagona*, ya mwaka 1990. "Kiembamba, usidanganyike. Kitakukalia mwezi." Kilinikalia zaidi. Niliporudi nikamwambia nimeelewa nusu. Akashtuka. "Nusu ipi?"

Kwenye kitengo cha jirani yupo dada anayeshughulikia vitabu vinavyowasilishwa na wachapishaji, kwa maana sheria inawataka wapeleke nakala maktaba ya taifa. Namba za ISBN za Tanzania, zile za kukitambulisha kila kitabu, pia hutolewa na Bodi hiyohiyo. Ukikuta kitabu namba yake, baada ya ile 978, inaendelea na 9976 au 9987, hicho ni cha hapa. Kazi hiyo imemharibu ladha, ni maneno yake. Kwa kuwa kila kitu kinapita mikononi mwake, mahubiri, ufugaji wa kuku wa kienyeji, namna ya kumtuliza mume, mashairi ya mwalimu mkuu, amejikuta na uraibu mmoja: tawasifu za wastaafu waliojichapishia wenyewe. Mhasibu wa wilaya. Mkaguzi wa elimu. Kapteni wa meli ya ziwani. Anasema hawa hawajui kuandika na ndiyo raha yake, kwa sababu hawajui pia kuficha. Sura ya kwanza ni ukoo, ya pili shule na viboko, ya tatu ajira. Halafu ghafla, ukurasa wa tisini na kitu, bila onyo, aya moja kuhusu mke wa kwanza. Aya moja tu. Kisha tunarudi kwenye semina ya Arusha. "Mimi nasoma kitabu kizima nikiitafuta ile aya," akasema.

Nikaanza na mimi kuzisoma. Sitawaambia wapi nimefika, ila bajeti yangu ya riwaya imepungua.

Chumba cha watoto nipite haraka, si kwa sababu hakina mambo, ila kelele zake hazikuruhusu kuhoji. Mama wa huko hasomi cha watu wazima kabisa, anadai hana muda na vitabu visivyo na picha. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 ulimpa, anasema, vitabu vya kwanza ambavyo watoto wake wa Kiswahili hawakulazimika kuuliza theluji ni nini. Ana ugomvi mmoja tu na waandishi wetu: wanamaliza hadithi kwa kumwambia mtoto imemfunza nini. Anaposoma kwa sauti, akifika mstari huo anaufunika kwa kiganja na kufunga kitabu. Watoto wakiuliza, "Sasa fisi alikosea nini?" anawajibu, "Muulizeni fisi."

Na kijana mpya wa kaunta, mwenye tai, droo yake ni simu. Anasoma riwaya za kwenye makundi ya WhatsApp, zile ambazo mwandishi anakurushia sehemu tano za mwanzo bure, ya sita unatuma pesa kwa simu. Wenzake wakubwa wanamcheka. Mimi naona ndiye aliye karibu zaidi na mila: hadithi za kutoka kwa mafungu zimelisha magazeti ya Kiswahili miaka na miaka, na watu walinunua gazeti la Jumapili kwa ajili ya "itaendelea," siyo kwa ajili ya hotuba. Tofauti ni kwamba zile za gazetini maktaba inazo, zimejalidiwa. Za kijana huyu zikifutwa simuni, zimekwenda. Yeye mwenyewe limemuuma. Ameanza kuzihifadhi kwenye flashi, na hajui azipe namba gani. Nilimwelekeza kwa kaka wa 896.392. Nasikia wamebishana mpaka saa ya kufunga.

Nilijaribu kupeleka wazo. Wekeni rafu moja pale mlangoni, nikawaambia, vitabu kumi tu, kila kimoja na kikaratasi: hiki nimekisoma mimi, mkutubi fulani, na kimenikosesha usingizi. Mama wa kaunta akacheka mpaka miwani ikaning'inia. "Halafu mkubwa akija na wageni wakute nimeandika nini? Kwamba nakesha na Joram Kiango?" Kaka wa namba alipinga kwa hoja ya kitaaluma: mkutubi hachagulii msomaji, anamfikisha. Hoja hiyo naiheshimu na siikubali. Anayeingia maktaba bila kujua anachotafuta, na hao ndio wengi wetu, kumfikisha wapi? Msomaji anajifunza kupenda kwa kumwona mtu mwingine amependa, na jiji hili linawalipa mishahara watu wanaopenda vitabu kuliko sisi sote, halafu linawauliza choo kiko wapi. Dada wa tawasifu peke yake ndiye aliyesema atafikiria, kwa sharti jina lake lisiwekwe.

Niliyemwacha mwisho ni fundi wa jalada. Yeye si mkutubi kwa cheo, na kwenye vikao vyao sidhani kama anaitwa. Kazi yake ni kuvitibu vilivyochanika: gundi, uzi, kitambaa cha mgongoni, kisha kitabu kinabanwa kwenye vyuma mpaka kikauke. Gundi inapokauka ndipo anaposoma, kwa hiyo usomaji wake unafuata magonjwa ya vitabu. Ukimpa kitabu anakitazama kwa ubavu na kukwambia kimesomwaje. Vile vya fasihi vya shule vimechoka kurasa za mwanzo na zile ambazo mwalimu huzitolea maswali. Baada ya hapo karatasi ni bikira. Vya mapishi vinafunguka vyenyewe kwenye biriani. Na riwaya za upelelezi, ambazo zinampitia kwa wingi kuliko zote, huja zikiwa hazina mwisho, maana karatasi za nje ndizo zinazotangulia kung'oka.

Kwa hiyo fundi huyu amesoma riwaya nyingi za upelelezi za Kiswahili na wauaji wengi hawajui. Anachofanya ni kungoja. Akimwona msomaji anarudisha nakala nzima ya kitabu alichokishona, anatoka chumbani na aproni yake anamuuliza: ikawaje? Kuna riwaya moja aliwauliza wasomaji wawili, wakampa majibu mawili tofauti. Mmoja wao bila shaka hakuisoma. Mimi nyumbani nina nakala yake yenye kurasa zote, nikamwambia nitamletea kesho. Akakataa katakata. Yule mjane, alisema, ameshamwachia huru, na hana mpango wa kumkamata tena.